Hema, Godoro na Begi la Kulalia kwa Mwindaji Mrefu: Mwongozo Kamili wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu wa futi sita na inchi tatu akilala nje juu ya uwanda wa Kitulo mwezi wa Julai, baridi humwanzia miguuni. Vidole vimesukuma ncha ya begi la kulalia, ncha ya begi imegusa ukuta wa hema, na ukuta wenyewe umelowa mvuke wa pumzi zake. Ikifika saa tisa usiku begi limelowa kuanzia vifundoni kwenda chini, na manyoya yaliyojazwa ndani yake yakilowa hayatunzi joto. Asubuhi analaumu begi. Lakini begi ni zima na hema halina tobo. Shida ni kwamba vyote viwili vilishonwa kwa mtu mfupi kuliko yeye.

Vifaa vingi vya kulalia vinavyouzwa duniani hukatwa kwa mtu wa sentimita 183, yaani futi sita kamili. Ukizidi hapo, namba zilizoandikwa kwenye boksi zinakudanganya kidogo kidogo, na ule udanganyifu mdogo wa hema, wa godoro na wa begi hujumlishana usiku huohuo mmoja. Mwongozo huu ni kwa ajili yako: mwindaji mwenye leseni, askari wa wanyamapori wa kijiji, mwongoza watalii au mpagazi, mradi tu una sentimita 185 au zaidi na unabeba nyumba yako mgongoni.

Kuhusu leseni niseme neno moja kabla hatujaendelea. Ndani ya hifadhi za taifa kama Kitulo, Ruaha na Udzungwa hakuna uwindaji kabisa, hata uwe na karatasi gani. Huko unaingia kutembea tu, kwa kibali. Uwindaji unafanyika kwa leseni katika maeneo yaliyoruhusiwa, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, ndio wasimamizi wa mapori ya akiba. Maliza hilo kwanza, ndipo uwaze hema.

Hatua ya kwanza: jipime ukiwa umelala

Namba ya urefu uliyopewa kliniki haitakusaidia hapa, kwa sababu mtu hapimwi amelala. Ukilala chali na kulegea, nyayo huinama mbele na vidole hutangulia visigino. Kichwa kikipanda juu ya mto, utosi nao husogea. Kwa hiyo tandika mkeka sakafuni, vua viatu, weka mto utakaotumia porini, lala kama unavyolala kweli, kisha mwombe mtu asimamishe kitabu kikubwa kwenye vidole vyako na kingine utosini. Pimeni kutoka kitabu hadi kitabu. Mtu wa sentimita 190 mara nyingi hukuta yuko kwenye 200 hadi 205.

Juu ya hapo ongeza unene wa begi lenyewe, kama sentimita 5 miguuni na 5 kichwani, kwa sababu begi linatunza joto pale tu lilipovimba. Likibanwa kati ya kidole na ukuta, pale palipobanwa hapana kinga. Sasa una 210 hadi 215. Namba hiyo iandike kwenye simu. Nitaiita urefu wa kulala, na ndiyo utakayokwenda nayo dukani.

Ukiwa palepale sakafuni, chukua vipimo vingine viwili. Cha kwanza ni kimo cha vidole vya miguu kutoka ardhini ukiwa chali. Kwa mwenye mguu mkubwa ni sentimita 20 na ushee, na ukijumlisha godoro nene na begi unafika 30 au zaidi. Cha pili ni kimo cha kukaa: kaa sakafuni mgongo wima, pima hadi utosini. Kwa wengi ni zaidi kidogo ya nusu ya urefu wote, hivyo mtu wa 190 ana karibu sentimita 99. Ongeza unene wa godoro na nafasi ya kofia, na utaona kwamba hema lenye kimo cha chini ya sentimita 110 katikati litakufanya uvae suruali ukiwa umelala.

Hatua ya pili: jua utalala nchi gani

Nyanda za Juu Kusini zina tabia mbili za hewa zilizo mbali sana, na zimetengana kwa mwendo wa siku moja tu wa gari.

Juu kuna baridi. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai kipimo hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 10. Kitulo iko karibu mita 2,600, na vilele kama Mtorwi na Rungwe vinakaribia 3,000. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda zinapunguza joto kwa nyuzi 6 hivi. Kwa hiyo ukitoka Uyole, pale Mbeya, ukapandia Isyonje hadi juu ya uwanda, toa nyuzi tano au sita kwenye baridi ya mjini, na usishangae kukuta umande umeganda kuwa barafu juu ya majani. Watu wa Njombe na Makete wanalijua hilo tangu utotoni. Miti ya kukinga upepo uwandani karibu hakuna, na upepo wa kusi wa kiangazi unapita bila kizuizi.

Pembezoni mwa Rungwe kuna jambo jingine: maji. Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania, na msituni ukungu unalowesha kila kitu hata siku isiyo na mvua. Huko unyevu wa siku tatu mfululizo utakusumbua kuliko barafu.

Chini, upande wa Pawaga, Idodi na bonde la Ruaha Mkuu, uko chini ya mita 1,000. Oktoba huko usiku ni wa joto, unalala nusu uchi, na unachohitaji ni neti nzima, sakafu iliyofungwa dhidi ya nge na siafu, na kuta zinazofungika kwa sababu simba na fisi wapo. Begi la Kitulo ukilipeleka Pawaga utalitandika chini na kulalia juu yake.

Amua unakwenda wapi mara nyingi zaidi, kisha nunua kwa ajili ya huko. Anayetaka kifaa kimoja cha sehemu zote mbili achague hema lenye chumba cha neti ndani na turubai tofauti la nje, kwa sababu turubai unaweza kuliacha likiwa limekunjwa usiku wa joto.

Hatua ya tatu: hema, na hesabu ambayo boksi halikwambii

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Boksi litaandika urefu wa sakafu. Sentimita 225, kwa mfano. Mtu wa 190 anaona amebakiwa na 35 za ziada, anafurahi, analipa. Lakini yeye halali sakafuni. Analala juu ya godoro, ndani ya begi, vidole vikiwa sentimita 30 kutoka ardhini. Kuta za hema huinama kuja ndani kadiri zinavyopanda. Ukuta wa miguuni ukiinama kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka ardhini, kwenye kimo cha sentimita 30 umeshakuibia sentimita 17. Ukuta wa kichwani nao 17. Kutoka 225 umebaki na 191, na wewe urefu wako wa kulala ni 212. Utalala umejikunja, ama utagusa kuta zote mbili.

Hema jingine lina sakafu ileile ya 225, ila kuta za mwisho zimesimama karibu wima, tuseme nyuzi 80. Kwenye kimo kilekile linakula sentimita 5 tu kila upande, na unabaki na karibu 214. Sakafu sawa, pengine na bei sawa, lakini ndani ya hili mtu mrefu analala amenyooka. Kwa hiyo usiulize hema lina urefu gani. Uliza lina urefu gani kwenye kimo cha sentimita 30.

Kupima ni rahisi. Mwambie muuzaji alisimamishe hema, na asipokubali nenda kwa mwingine. Ingia na futi ya fundi, tia alama ya sentimita 30 kwenye kijiti, kisimamishe upande wa miguuni mpaka ncha yake iguse kitambaa, weka alama sakafuni. Fanya hivyo kichwani. Umbali kati ya alama mbili ndio hema lako la kweli. Kama unaagiza kwa mtandao, tafuta mchoro wa hema ukiwa umetazamwa kwa ubavu. Watengenezaji wazuri wanauweka pamoja na vipimo. Usipopata mchoro, chukulia kwamba kuta zimelala, na dai sakafu ya 240 au zaidi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha kitu kingine ambacho watu hawakitegemei: godoro nene linafupisha hema. Kwenye hema la kuta za nyuzi 45, kila sentimita unayoinuka inakula sentimita moja kila upande. Ukitoka kwenye mkeka wa sentimita 2 ukaenda kwenye godoro la upepo la 8, umepoteza 12 kwa jumla. Mtu aliyelala vizuri mwaka jana anabadilisha godoro tu, na ghafla hema halimtoshi.

Maumbo hayalingani. Hema la piramidi lenye nguzo moja katikati ni jepesi na linastahimili upepo, ila kuta zake zimelala mno, hivyo mtu mrefu alichukue tu likiwa kubwa, la watu watatu au wanne. Hema la nguzo mbili zinazopishana juu lina kuta zinazopanda vizuri mwanzoni, na kwa uwanda wenye upepo linanipendeza. Yale yanayosimamishwa kwa fimbo za kutembelea ndiyo mepesi kuliko yote. Tafuta yenye vijiti vifupi vilivyoshonwa kwenye pembe za miguuni, kwa sababu vijiti hivyo vinauinua ukuta pale hasa unapouhitaji. Angalia pia kama fimbo zako zinafikia kimo kinachotakiwa. Mtu mrefu kwa kawaida ana fimbo za sentimita 130 au zaidi, na hapo urefu wako unakufaa.

Wengi husema: nunua la watu wawili, lala mshazari. Ni kweli nusu. Sakafu ya 215 kwa 130 ina mshazari wa 251 kwenye karatasi. Lakini godoro la mstatili halifiki kwenye pembe, mabega yake yanagota ukutani, na usipokuwa mwangalifu unapata urefu mdogo kuliko ungelala sawa. Mshazari unakufaa tu godoro likiwa limechongoka miguuni na kichwani, na hata hapo tegemea nyongeza ya sentimita 10 hadi 15, si 36.

Mlango wa ubavuni ni bora kuliko wa kichwani kwa mwenye miguu mirefu. Unatoa miguu nje, unakaa, unavaa buti. Na mbele ya mlango huo uwe na kibaraza kirefu kiasi cha kuweka mfuko wa mgongoni na viatu visilowe. Silaha iwe imetolewa risasi, ndani, upande wako, kamwe si kibarazani.

Kuhusu kitambaa nitapita haraka. Nailoni iliyopakwa silikoni ni imara, ila ikilowa inalegea na usiku itabidi utoke ukakaze kamba. Kwa mtu mrefu kulegea huko ni kugusa ukuta. Polyesta iliyopakwa silikoni inalegea kidogo sana, na kwa ukungu wa Rungwe ningeichagua hiyo. Kitambaa cha Dyneema hakivuti maji na ni chepesi ajabu, lakini bei yake ni ya mtu mwenye kipato kingine. Rangi iwe ya majani makavu au udongo.

Na turubai tupu? Turubai la nailoni la mita 3 kwa 3 lina karibu nusu kilo, na hakuna hema la uzito huo litakalokupa urefu kama ule. Juu milimani kiangazi, ukiwa na neti ndogo ya kichwani, linatosha. Bondeni kwenye simba na fisi usilitumie. Machela ya kamba nayo ni kitanda kizuri sana msituni kwa mtu mrefu akilala kwa kukatisha, ila iwe na kitambaa cha mita 3.3 hivi, na uweke kinga ya baridi chini ya mgongo. Kitulo utaitundika wapi?

Hatua ya nne: godoro

Joto nyingi inaondoka kupitia ardhini, na begi zuri kiasi gani halikusaidii upande wa chini kwa sababu umelilalia na limebanwa. Godoro hupimwa kwa namba ya R. Kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo linavyozuia baridi. Mkeka wa povu gumu wa kawaida una R ya karibu 2. Kwa Pawaga hiyo inatosha. Kwa Kitulo na Makete wakati wa kipupwe taka 4 au zaidi. Uzuri ni kwamba namba hizi zinajumlishwa: mkeka wa R 2 chini na godoro la upepo la R 3 juu vinakupa 5, na siku godoro la upepo likitoboka bado una kitu chini yako.

Saizi ya kawaida ni 183 kwa 51. Saizi ndefu ni karibu 196 kwa 64, na ile nyongeza ya upana ina faida kubwa kwako kuliko hata ya urefu, kwa sababu mtu mrefu ana mabega na viwiko, na kiwiko kinachoning'inia nje kinakuamsha kila saa. Lakini pima kama magodoro ya 64 yanaingia kwenye hema lako, hasa mkiwa wawili.

Kama fedha au uzito haviruhusu, kuna njia ya zamani inayofanya kazi. Lala godoro la kawaida liishie kwenye muundi, kisha chini ya visigino weka mfuko wa mgongoni ulio mtupu pamoja na kipande cha mkeka wa povu. Miguu haina uzito mkubwa, haihitaji ulaini. Inahitaji tu kutengwa na ardhi. Hakikisha kimo kimelingana, usije ukalala na visigino vimening'inia.

Usikate kipande cha sponji la godoro la nyumbani. Linajaa maji, na chini ya nyonga linalala bapa. Ukiwa na wasiwasi na povu unalouziwa, omba kipande, kizamishe kwenye ndoo na ukiminye: lililo sahihi linatoka kavu ndani.

Hatua ya tano: begi la kulalia

Lebo ya begi lililopimwa kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 23537, au ile ya zamani ya Ulaya, EN 13537, ina namba za joto zaidi ya moja. Ya kwanza ni ya starehe. Ya pili ni kikomo, mahali ambapo mwanamume amejikunja na anastahimili bila kutetemeka. Ya tatu ni ya hatari ya kufa kwa baridi. Tazama neno hilo, amejikunja. Wewe unataka kulala umenyooka, kwa hiyo nunua kwa namba ya starehe na usahau nyingine. Kwa uwanda wa juu Juni hadi Agosti ningetaka starehe ya nyuzi 0 au chini yake kidogo. Iringa mjini na vilima vya karibu, nyuzi 5. Bondeni, shuka zito na begi jembamba.

Urefu: saizi ya kawaida imekusudiwa mtu wa hadi 183, ndefu mtu wa hadi 198. Aliye na 185 asijaribu kujibana kwenye ya kawaida. Usikimbilie kubwa kupita kiasi pia, maana hewa tupu ya miguuni nayo inataka kupashwa na mwili wako. Sentimita kumi zikibaki, zijaze na soksi na shati la kesho. Asubuhi utavaa nguo yenye joto.

Mzunguko wa mabegani wengi hawaupimi. Ingia ndani, funga zipu hadi juu, kunja mikono kifuani. Kitambaa kikivutika, manyoya yamebanwa na begi limepoteza daraja lake hata kabla hujatoka dukani.

Manyoya laini ya bata au nyuzi za plastiki? Manyoya ni mepesi na yanakunjika kuwa kidogo: begi refu la starehe ya nyuzi 0 linaweza kuwa na kilo moja na robo tu, wakati la nyuzi za plastiki la daraja hilo linakaribia mbili. Lakini manyoya yakilowa yanashikamana na kulala. Kwa Kitulo na pori la akiba la Mpanga-Kipengere kiangazi, manyoya. Kwa msitu wa Rungwe na miezi ya mvua kuanzia Novemba, nyuzi za plastiki, na uzito ukubali.

Sasa mitumba, kwa sababu wengi wetu ndiko tunakonunua. Mwanjelwa na Sido kwa Mbeya, Mlandege kwa Iringa, mabegi ya kulalia yanapatikana kwenye marobota ya mashuka na majaketi. Muuzaji atakuita, "Kaka mrefu, njoo, hii ya mzungu kabisa, inakufaa." Mshukuru, kisha geuza begi ndani nje. Tafuta lebo karibu na zipu au miguuni. Herufi L au namba 195 na kuendelea ndiyo unayoitaka. Lebo ikiwa imekatwa, pima mwenyewe kutoka ncha ya miguu hadi mwisho wa kofia: begi la mtu wa 190 lifike sentimita 215 au zaidi. Lianike kwenye jua na litazame kwa kulielekeza juani. Mahali penye mwanga mweupe hapana manyoya. Likung'ute, liache dakika kumi. Likibaki bapa, limeshakufa, hata likiuzwa kwa bei ya kanga moja. Endesha zipu mwanzo hadi mwisho mara mbili. Nusa miguuni: harufu ya ukungu huwa haitoki.

Ukikuta begi zuri lililo fupi, fundi cherehani anaweza kuliokoa. Nunua la pili bovu lenye kitambaa cha aina ileile, mpe fundi akate sentimita 30 za upande wa miguu, kisha aziunge kwenye begi lako baada ya kufungua mshono wa mwisho. Mwambie mambo mawili kabla hajaanza: asipitishe sindano katikati ya manyoya, maana kila mshono unaopenya pande zote mbili ni mlango wa baridi, na atumie uzi wa polyesta, si wa pamba. Kazi hiyo ni ya saa mbili kwa fundi makini.

Njia ya bei nafuu zaidi ni duveti. Duveti la kitumba la kitanda kikubwa lina urefu wa sentimita 200 hadi 220 tayari. Fundi anashona theluthi ya chini iwe mfuko wa miguu, anaweka vifungo viwili vya kupitisha chini ya godoro, na una blanketi la kulalia lisilo na mgongo, ambalo halikubani mabega. Ukitumia hili, kofia ya sufu ni lazima, kwa kuwa halina kofia yake.

Hatua ya sita: pima uzito wote pamoja

Mwindaji hana raha ya mtalii. Akifanikiwa, anarudi na nyama, na kilo zile zinakuja juu ya zile alizoondoka nazo. Kwa mtu mrefu lengo la haki ni hema kilo 1.5, begi 1.3, godoro 0.7, jumla tatu na nusu. Vifaa vya mtu mfupi vitakuwa vyepesi kwa karibu nusu kilo, na usijilinganishe naye. Nusu kilo hiyo ni usingizi wako. Punguza kwingine: mkiwa wawili, hema moja la watu watatu ligawanywe, mmoja abebe kitambaa, mwingine nguzo na vigingi. Mizani ya samaki ya kuning'iniza inatosha kupimia.

Hatua ya saba: lala nyumbani kwanza

Simamisha hema uani, ingia na kila kitu, lala usiku mzima. Asubuhi pitisha kiganja kwenye begi, miguuni na kofiani. Pakiwa na unyevu huku kwingine pakavu, umegusa ukuta, na hema hilo halikutoshi hata kama uliona linakutosha.

Kisha jifunze kulisimamisha kwa ajili ya urefu wako. Mteremko ambao mtu mfupi hauoni utakushusha taratibu usiku kucha mpaka nyayo ziegemee ukutani, kwa hiyo kagua ardhi kwa kulala juu yake kabla ya kugonga kigingi cha kwanza. Kama hakuna tambarare kabisa, kichwa kiwe juu, na weka mfuko wa nguo kama kizuizi chini ya miguu, ndani ya chumba cha neti. Usikae bondeni kando ya kijito. Hewa ya baridi hutiririka usiku na kutulia chini, na huko ndiko barafu inakoanza. Panda mita ishirini au thelathini ubavuni mwa kilima. Upande mwembamba wa hema uelekee upepo, ambao kiangazi huja kutoka kusini-mashariki, na kamba ya upande huo ikazwe mpaka ukuta usimame. Fungua matundu ya juu hata kukiwa na baridi. Ukiyafunga unalala ndani ya mvuke wako.

Nyama, damu na vyungu viwe mbali na hema, upande upepo unakoelekea, kwa umbali ambao fisi akija utamsikia huko na si mlangoni. Nguo ulizochinjia usilale nazo.

Ukirudi nyumbani, anika kila kitu siku hiyohiyo, hata kama kinaonekana kikavu. Hema kivulini, kwa sababu jua la huku juu linakula nailoni. Godoro la upepo liache na valvu wazi. Begi usilihifadhi kwenye kile kifuko chake kidogo, bali kwenye gunia kubwa la kitambaa chepesi au foronya ya mto mkubwa, lining'inie chumbani. Likihitaji kufuliwa, tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo kali, suuza mara nyingi bila kukamua, na ulinyanyue kwa mikono yote miwili kutoka chini, kwa sababu manyoya yaliyolowa ni mazito na yanachana kuta za ndani. Kulikausha ni siku mbili au tatu za jua la Mbeya, huku ukivunjavunja mabonge kwa vidole kila unapopita karibu yake.